Baada ya mlio, anaongea

Senka pokea simu!! Nimekwisha, shoga yangu.

Unaijua ile kompyuta ya baba niliyoitoa darini, inayosoma michezo kwenye kaseti, inalia kama paka aliyebanwa mlangoni? Na mimi kutwa najigamba kwamba michezo ya zamani ndiyo michezo.

Jana nilitaka kuhifadhi nilipofikia, kwenye kaseti ileile, pale mlio wa mchezo unapoishia. Ikakataa kurekodi. Kumbe kile kijipande cha plastiki juu ya kaseti, kinachoruhusu kurekodi, kimevunjwa. Nikaziba tundu kwa selotepu, ikakubali. Nikajiona fundi!

Leo baba karudi kutoka kazini, kaiona kaseti, kakaa hata koti hajavua.

"Dunja, huu mchezo tuliurekodi redioni, enzi zile redio ikirusha milio ya michezo, mimi na baba yako mdogo Ognjen. Ukiisha tu, anaongea. Ananitania."

ANAONGEA, Senka. Ognjen, aliyekufa kabla sijazaliwa!

Nikamuuliza kile kijipande kilivunjikaje.

"Nilikivunja mwenyewe siku tuliyomzika. Asije mtu akarekodi juu yake."

Asije mtu!! Mtu mwenyewe ndiye mimi!

Nikarudi nyuma hadi mlangoni. Akaiwasha. Mchezo ukalia mpaka ukaisha, kimya kidogo, halafu ukaanza mlio mwingine. Wangu, niliourekodi jana.

Nakuandikia nikiwa nimesimama mlangoni. Nimeita "Baba..." kwa sauti hata mimi sikuisikia vizuri.

Kaninyooshea kidole ninyamaze. Kalaza sikio kwenye spika, anatabasamu.

"Shh, mwanangu. Mlio huu ukiisha tu, utamsikia."