Nyota Mbili kwa Mto Mzuri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri na mgongo haujakununia. Mama hajambo? Mwambie ile dawa ya kuchua goti niliyomletea aitumie, asiifanye pambo la kabatini. Sisi huku ni wazima. Mume wangu anakusalimu, watoto wanakula kuliko wanavyosoma, na biashara inakwenda, tena inakwenda vizuri. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu wewe husikii habari, unasikia salio likiisha tu, na kabla sijafika katikati umeshaniaga.

Unakumbuka nilipoacha kazi ya bima, ndugu wote walisema nimerukwa na akili. Wewe uliuliza kitu kimoja tu, kama cherehani yangu ina mafuta. Mito ya viti ninayoshona ni ile ile uliyonifundisha kwenye karakana yako ya makochi, sponji katikati, pamba juu, mshono wa kurudia pembeni. Naiuza kwenye soko la mtandaoni, ambako mnunuzi anakuona kwa picha na kukuhukumu kwa nyota. Tano ni pongezi, moja ni tusi. Wastani wako ukishuka chini ya nne, wenye soko wanakusukuma mwisho wa foleni, na huko hakuna mteja anayefika. Mimi nilikuwa nimeshapanga chumba cha kazi na kuajiri mafundi wawili, mmoja wao mjane mwenye watoto shuleni. Nyumba tatu zilikuwa zinakula kwa hizo nyota.

Basi zikaanza kushuka. Kwanza nililaumu kazi. Nilimfokea yule mjane bure, akafumua mito mizima akatafuta kosa, asilione. Mwishowe nikajifungia na simu, nikasoma maoni ya wateja moja baada ya jingine, na hapo nikapigwa na butwaa. Wateja wa mjini hapa walitoa tano. Wa mbali walitoa tatu, mbili, hata moja. Mto ule ule, sindano ile ile, mikono ile ile! Wa mbali walikuwa wanausifu mto kwa maneno na kuunyima nyota, kwa sababu ya gharama ya kuusafirisha. Mto ni mwepesi, lakini watu wa mizigo hawapimi uzito peke yake, wanapima na ukubwa wa boksi. Mteja wangu wa mbali alikuwa analipia hewa.

Na ubaya zaidi, Baba, nilikuwa nafuata desturi yako. Pale karakanani kitambaa kilikuwa na bei yake, sponji bei yake, mkokoteni wa kupeleka kochi bei yake, ili mteja aone kila shilingi inakokwenda. Nami nikafanya hivyo. Lakini wewe ulikuwa unamwambia mtu kabla hajakaa. Huku mtandaoni mteja anachagua mto, anaupenda, anamwambia mkewe, na anapofika kulipa ndipo usafiri unamrukia. Aliyeshtuliwa mlangoni hasifii chumba.

Kuna muuzaji mwenzangu anayeandika usafiri bure kwa herufi kubwa, na nyota zake zinang'aa. Nikaagiza mto wake. Ukijumlisha yote ni ghali kuliko wangu, maana usafiri ameumeza ndani ya bei, na ndani amejaza vipande vya nguo kuukuu. Mume wangu alisema nifanye kama yeye, mwenye njaa hana miiko. Nilikataa. Sikuona aibu ya usafiri wangu, niliona aibu ya kuuficha.

Nikafanya mambo yangu mawili. Kwanza, usafiri nikauandika juu kabisa, kando ya bei, mji kwa mji, mtu auone kabla hajaupenda mto. Pili, nikaitoa ile hewa. Natia mto kwenye mfuko mzito wa nailoni, naitoa hewa kwa mashine ya kufyonzea vumbi, na mume wangu, ambaye unajua kilo zake, anaukalia hadi ninapoufunga. Ndiyo kazi ya kwanza anayoifanya bila kulalamika. Mto unakuwa bapa, boksi linapungua zaidi ya nusu, na mteja akiufungua na kuuanika juani unafura wenyewe. Sasa wa mbali wanatoa nyota kama wa karibu, tumevuka nne na kupita, na yule mjane nilimwomba radhi mbele ya mwenzake.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Katika ule wakati mbaya kuna mteja mmoja ambaye nyota zake ndizo zilizotudondosha chini ya nne. Aliandika kwamba mto ni mzuri, umeshonwa na anayejua kazi, lakini usafiri umekaribia bei ya mto na hakuna aliyemwambia mapema. Akatoa mbili. Nikapandwa na hasira, nikamjibu pale pale mbele ya watu wote kwamba kama usafiri ni ghali apande gari aje kuuchukua mwenyewe, na kwamba mito yangu si ya wabahili.

Mambo yalipokaa sawa nikampigia kumwomba radhi. Akapokea muuza dawa wa mtaani kwenu. Alishangaa kwamba sijui. Alisema aliagiza kwa simu yake kwa niaba yako, kwa sababu ulitaka kuona mtu baki anahudumiwaje dukani kwangu, maana ungeniomba mwenyewe ningekupa bure na kukuchagulia ulioshonwa vizuri zaidi.

Baba, nilirudi kwenye jibu langu nikalisoma upya. Nimekuita bahili hadharani, wewe uliyenilipia shule kwa makochi ya watu, na kukwambia upande gari na mgongo huo. Na wiki zote hizo ulikuwa unanipigia na kunisalimu kama kawaida. Nisamehe. Nimelia, na hata sasa sioni haya kukwambia.

Jibu langu sijalifuta. Nimeandika chini yake kwamba muuzaji alikosea na mteja alisema kweli, kila anayepita asome. Na zile nyota mbili usizibadilishe, ni halali yangu.

Lakini muuza dawa aliniambia na jingine. Baada ya kusomewa matusi yangu ulimwambia aagize mto wa pili, ukalipa na usafiri wote. Ulipoufungua hukuutolea nyota yoyote. Alipokuuliza kwa nini, ulisema fundi hapimi kazi ya mwenzake akiwa na hasira naye.

Mpe Mama busu langu, na wote wanaoniulizia waambie niko imara. Nawe, hasira ikishapoa, ukalie ule mto wa pili, uupime kama mtu baki, uzitoe nyota zake. Ngapi, sitakuuliza. Nitazisoma.

Ni mimi mwanao wa pili,
Pini