Mlo Mmoja kwa Siku

Kaijage, ini langu lina mafuta. Mimi, nisiyegusa hata pombe ya lubisi.

Niko stendi Bukoba, nimetoka hospitali na baba yake Evodia. Mzee Lwakatare alisema hakuna harusi na binti yake mpaka nipimwe afya, na akaingia nami hadi kwa daktari.

Daktari akatazama picha ya tumbo, akauliza, "Kijana, unakunywa pombe?" Nikasema sinywi. Mzee akaguna. Aliguna, Kaijage, mbele ya daktari.

Nikaulizwa ninakula mara ngapi. Nikajibu kifua mbele kwamba ninakula mara moja, jioni, na mchana kutwa natafuna punje za kahawa ili njaa isinisumbue. Si unakumbuka shairi langu, ambamo wale wanaokula mara tatu niliwaita kuku?

"Na hiyo jioni unakula kiasi gani?"

Sufuria ya ndizi na soda mbili.

Akasema ninaushindisha mwili njaa, kisha naushindilia chakula chote kwa mpigo, na kinachozidi kinageuka mafuta kwenye ini. Nile kidogo mara tatu, niache soda, nirudi baada ya miezi sita.

Mzee akasema, "Bora ungekuwa mlevi. Mlevi anajua kwamba anajiharibu."

Kisha akatoa hukumu. Kila asubuhi nitapita kwake nikanywe uji akinitazama, hadi kipimo cha pili. Ndipo tutazungumza harusi.

Kijiji kizima cha Izigo kitaniona nikinyweshwa uji kama mtoto.

Nikasema, "Ndiyo, baba." Mimi nilisema hivyo, Kaijage. Mara mbili.