Ndoo ya Baraka

Saruul, hatujaondoka. Tuko palepale mlangoni, Ulaanbaatar, na kioo cha mbele cha gari kimepasuka.

Unajua nilivyoipanga hii safari ya Khovd. Wiki tatu! Matairi mawili ya akiba, koleo, mablanketi, chupa tatu za chai ya moto, hata orodha ya watu wa kuwapigia simu kila mji tukikwama kwenye theluji.

Sasa mama mkwe katoka na maziwa ya kutubariki. Sawa, mila ni mila, matone machache kila gurudumu. Yeye kasema, "Safari yenyewe ndefu," akamwaga ndoo nzima kwenye kioo. Nzima, Saruul. Na baridi ni nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Maziwa yaliganda hata dua hajaimaliza.

Ganzorig, mume wangu mwenye akili zake timamu, akakimwagia kioo chai yangu ya moto.

Ta! Ufa kutoka kona hadi kona.

Mama kakitazama kioo, kamtazama mwanawe, akauliza, "Nani kataja saa ya kufika?"

Sio nani kamwaga chai. Nani kataja saa ya kufika! Kwake, msafiri akitaja saa ya kufika anaiita mikosi njiani.

Ganzorig, chupa bado inafuka mvuke mkononi, akaninyooshea kidole mimi.

Ni kweli, jana mezani nilisema Alhamisi, saa kumi jioni.

Fundi wa vioo anakuja kesho. Mama keshajaza ndoo nyingine.

Usiniulize tutafika lini.