Nyumba Tuliyowapambia Wengine

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo na kazi? Kile kifua chako cha utotoni kimekubaliana na baridi ya huko, au bado mnagombana? Mimi mzima, ila goti la kukanyagia cherehani linanuna kila nikisimama. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanidakia maneno, na barua huwezi kuidakia.

Basi nilimwita dalali. Hapa mtaani wanamwita Yuko Njiani, kwa sababu ukimuuliza habari za mteja jibu lake ni hilo tu. Aliizunguka nyumba mikono nyuma, akagonga kuta, akafungua bomba la jikoni na kulifunga, na bomba likaendelea kudondosha maji. Akasema, "Nyumba nzuri, mama, ila imechoka." Nilitaka kumwambia na yeye pia, nikajizuia. Anasema tukiiuza hivi hivi watu watageuzia getini.

Tangu tumzike mama nyumba hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Tulishakubaliana tuiuze, kila mmoja akaanzishe chake, na sijabadili mawazo. Lakini mfuko wangu unaujua. Wewe huko kazi yako ndiyo hiyo, kupamba nyumba za watu kabla hazijauzwa, basi nielekeze namna ya kuipamba hii kwa kidogo nilicho nacho. Ila usinielekeze kwa sauti ya bosi. Zile picha unazotuma, umevaa buti na kofia, nyuma yako madirisha makubwa kama ya benki, mama alizibandika zote sebuleni. Nikila unanitazama, nikishona unanitazama. Nimechoka kutazamwa na mtu aliyefanikiwa.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu, mpaka mwenye duka wa chini akagonga dari kwa ufagio. Kifua kinajitahidi. Goti lipe pole, na kiti cha cherehani kiinue kidogo, utaona tofauti.

Sasa sikiliza. Watu wengi hukimbilia rangi. Wewe anza na sabuni. Ule weusi wa kona ya bafuni ni ukungu. Usuguliwe, ukuta ukauke siku kadhaa, ndipo upake, la sivyo utarudi hata ukipaka mara tatu. Jikoni usinunue makabati mapya, utafilisika bure. Fungua milango yake, ipige msasa mpaka yale mafuta ya miaka yote yatoke, ipake, kisha badilisha bawaba na vishikio. Bomba linadondosha maji kwa sababu ya kampira kadogo tu ndani, fundi asikutishe. Balbu za manjano toa zote. Mapazia mazito ya sebuleni yashushe, wewe ni fundi cherehani, shona mepesi. Nusu ya vyombo mpelekee jirani akutunzie, vyumba vitapanuka. Kama kuna mahali pa kutumia pesa kidogo zaidi, ni mlango wa mbele, maana mteja husimama hapo akingoja kufunguliwa, macho hayana kazi nyingine.

Rangi iwe moja nyumba nzima, ya maziwa, pamoja na chumba chetu cha nyuma. Na picha zote ziondoke ukutani. Mteja anataka kujiona yeye humo ndani, hataki kutuona sisi.

Kuhusu huyo Yuko Njiani: muulize nyumba alizouza karibuni, nenda ukaongee na waliouziwa. Mkataba uwe wa maandishi na wa muda mfupi, akizembea tumuache. Hati ya nyumba asiiguse. Bei ya mwisho tunayoweza kukubali usimwambie kabisa, maana ukimwambia wewe, mteja ataijua kabla hajafika getini. Mambo ya bei niachie mimi, nitaongea naye kwa simu. Na wateja wakija, dada, wewe toka. Nenda kwa jirani. Mwenye nyumba akiwepo huongea, na akiongea huharibu.

Nikwambie ukweli, nakuonea wivu kidogo. Wewe ndiye utakayepaka ukuta ule wa dirishani jikoni, mama aliokuwa akiegemea akingoja chai ichemke.

Mdogo wako


27 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako na ushauri wako vilifika, na mikono yangu mpaka leo inanuka rangi. Goti limetulia, kiti nilikiinua. Naona uchungu kukubali kwamba ulikuwa sahihi, kwa hiyo nalisema mara moja tu.

Nilisugua, nikangoja ukuta ukauke kama ulivyosema, nikapaka. Milango ya makabati niliipiga msasa uani mpaka jirani akaniuliza kama nimebadilisha kazi. Kampira ka bomba ni kadogo kuliko ukucha. Miaka yote ile mama aliweka kitambaa chini ya bomba ili lisimpigie kelele, kumbe kampira. Nilipomaliza jikoni nilifungua dirisha, jua likaingia likagonga ukuta mweupe, nikasimama pale na brashi mkononi, na roho ikaniuma. Nimepika katika giza lile tangu msichana. Mama alipika humo mpaka nguvu zikamwisha. Sasa jiko limekuwa jiko, na atakayelifaidi ni mwanamke nisiyemjua hata sura. Sijawahi kumchukia mtu kabla sijamwona, lakini huyo nimeshaanza.

Tena kuna hili la picha. Nilizitoa kama ulivyoagiza. Nyuma ya kila picha ukuta ulikuwa umebaki na rangi yake ya zamani. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa wewe. Wewe na buti, wewe na cheti, wewe na theluji. Yangu ilikuwa moja, nyuma ya mlango, ile ambayo nimefumba macho. Nilikaa chini nikalia, tena si kilio cha huzuni, ni kilio cha gere. Mimi ndiye niliyemwogesha mama. Mimi ndiye niliyemshonea magauni ya kufunguka mbele mikono yake ilipogoma. Na bado ukuta ukawa wako.

Chumba cha nyuma sijakipaka. Nimekwama mlangoni. Vitanda vyetu viwili bado vipo. Kile cha dirishani ulipewa wewe kwa sababu ya kifua, na kila nilipolalamika mama aliniambia mimi ni mkubwa. Basi jua leo kwamba siku uliyoondoka, gari halijakata kona, mto wangu ulikuwa umeshahamia dirishani.

Dada yako


15 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui nianze na afya au nianze na ugomvi. Afya nzuri, tushukuru, tuingie kwenye ugomvi.

Unanionea gere mimi niliyetundikwa ukutani? Wewe uliitwa. Nikipiga simu, katikati ya maneno nilimsikia mama akigeuka na kuita jina lako, leta maji, funga dirisha, njoo uone huyu anasema nini. Hata akiongea na mimi alikuwa anaongea na wewe. Nilikuwa nikikata simu nakaa na hasira ambayo sikuwa na wa kumtolea. Mtu hutundika picha ya asiyemwona. Wewe alikuwa akikuona kila siku, angekutundika ya nini?

Na hayo madirisha ya benki si yangu. Ni ya nyumba ninazozipamba. Napiga picha kabla sijarudisha ufunguo, basi. Mimi naishi chumba kimoja juu ya duka, na mwenye nyumba haruhusu hata msumari ukutani. Picha ya mama naiegemeza kwenye birika, na nikitaka chai lazima nimhamishe. Sikuwahi kukwambia kwa sababu uliponisifia ulinisifia kwa kununa, na mimi nilikipenda kile kijicho chako. Kilinifanya nijione mtu.

Kitanda cha dirishani nitakudai. Chumba kipake, tafadhali, chumba kimoja kilichochoka kinaangusha bei ya nyumba nzima. Na wateja wakija, toka.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na birika pia halijambo. Tangu nisome habari zake siwezi kuchemsha maji bila kukufikiria, jambo ambalo halinifurahishi.

Wateja wanakuja. Yuko Njiani sasa anaongea kama mtu aliyejenga nyumba hii kwa mikono yake, anawaonyesha makabati anasema "tumeyafanyia kazi." Tumeyafanyia. Mlango wa mbele nilioupaka kijani wanausifu wote. Wanazunguka, wanatabasamu, wanaondoka, na hawarudi. Sijui kwa nini.

Mmoja alinichefua hasa, mwanamke mrembo mwenye hereni kubwa. Alifungua kabati langu, akalifunga kwa kidole kimoja, akasikiliza linavyojifunga bila kelele. Kisha akasimama pale dirishani, mahali pa mama, akamwambia mumewe, "Hapa nitakuwa nakunywa chai asubuhi." Hakuuliza. Alisema tu, kama vile birika lilishawekwa.

Mimi nilikuwa kwa jirani, kama ulivyoniagiza. Nilirudi kuchukua miwani. Akaniuliza kama paa ni zima. Sasa mtu akikuuliza swali utamgeuzia kisogo?

Chumba cha nyuma bado. Rangi imenipungukia.

Dada yako


22 Julai

Dada,

Dalali amenipigia simu, ameniambia yote. Mwenye hereni umemwambia paa linavuja. Halivuji. Mwalimu aliyekuja na mkewe umemwambia jirani anapiga ngoma usiku. Jirani yetu ni kiziwi, ana paka. Bwana wa tatu ulimwambia maji hutoka siku moja kwa wiki, na bomba lilikuwa linatiririka nyuma yako ukiosha vikombe. Na miwani yako, anasema, ilikuwa imekaa kichwani.

Nimekaa nikakuelekeza hatua kwa hatua, nikiwa nimechoka, kumbe unajenga kwa mkono huu na kubomoa kwa ule. Kama hutaki kuuza sema hutaki. Usinifanye mjinga mbele ya dalali.

Siandiki tena mpaka nyumba iuzwe.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Afya yangu nzuri. Yako sijui, kwa sababu umeninunia muda wote huu, na mimi nimeubeba mnuno wako nikajiona mchawi. Nilipitisha wiki nzima bila kushona. Nilimfuata Yuko Njiani ofisini kwake, kale kachumba ka kiti kimoja, nikamwomba radhi. Nikamwambia mrudishe yule mwenye hereni, paa ni zima, mimi nilikuwa na wivu. Nilitamka hivyo hivyo, na uso ukanishuka.

Akasema, "Mama, yule wa hereni hakuogopa paa. Alileta fundi siku uliyokuwa sokoni, fundi akapanda, akaona zima. Alikubali bei. Nikampigia mdogo wako, akaipandisha. Yule mama akajikaza, akakubali na hiyo mpya. Mdogo wako akaipandisha tena. Mwalimu naye vivyo hivyo." Kisha akaegemea ukuta. "Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi. Sijaona nyumba inauzwa na watu wawili wasiotaka kuiuza, na kila mmoja anamficha mwenzake. Ninyi hamhitaji dalali. Mnahitaji kukalishwa chini."

Nilirudi nyumbani nikicheka njia nzima kwa hasira. Ulinipa vidonge vyangu, mimi mwongo, mimi mbomoaji, na wewe umekaa huko juu ya duka unapandisha bei kama bendera. Jibu barua hii. Na usianze na kunisalimia, anza na kwa nini.

Dada yako


20 Oktoba

Dada,

Kwa sababu ya chai.

Dalali alinipigia kwa furaha, akaniambia huyu mama ameshachagua mpaka mahali pa kunywea chai, pale dirishani jikoni. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi na picha ya mama kitandani. Nilitaka kusema sawa. Mdomo ukataja bei nyingine. Alipokubali na hiyo nikaona ananinyang'anya, nikaongeza. Kisha nikakugeuzia hasira wewe, kwa sababu ulikuwa umefanya waziwazi kitu nilichokuwa nafanya kwa kujificha.

Nimepamba nyumba nyingi, dada. Namaliza, nafagia vumbi la msasa, narudisha ufunguo. Sijawahi kuona gere kwa yeyote aliyeingia. Hii ambayo sikuigusa hata kwa kidole, niliyoipamba kwa maneno tu, ndiyo iliyonishinda kuitoa. Na wewe nakuonea wivu mpaka leo, kwamba hata vumbi lake umelipumua wewe.

Nataka kurudi. Nimeongea na Yuko Njiani. Anasema nyumba zilizochoka mtaani hapo ni nyingi, na wenyewe hawajui pa kuanzia. Nitazipamba, yeye atauza, na hakuna hata moja itakayoniuma. Sitaki tugawane nyumba, nataka tukae humo. Kama hunitaki, niambie sasa kabla sijaaga kazini.

Chumba cha nyuma usikipake. Rangi ya maziwa ni ya wateja. Nakuja na brashi zangu, tutachagua nyingine. Kitanda changu cha dirishani nifutie vumbi.

Shikamoo. Nimeiweka mwisho kwa sababu ulinikataza mwanzoni.

Mdogo wako


2 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti limeamka tangu nisome barua yako, nadhani limesikia kuna mtu wa kutumwa maji.

Mkataba wa Yuko Njiani nimeuvunja. Hakukasirika, aliomba tu nimshonee suruali ya ofisini kama fidia, na nimempima. Mlango wa mbele unaendelea kusifiwa na wapita njia, nami naitikia. Yule mwenye hereni nilimwona sokoni, akanisalimia kwa heshima, nikamwitikia kwa heshima, nikatembea haraka.

Picha nimezirudisha ukutani, ila si kama zamani. Zako nimezipunguza, samahani sana. Yangu ya kufumba macho imetoka nyuma ya mlango, ipo katikati. Pembeni yake nimepigilia msumari mtupu kwa ajili ya ile ya birikani. Ije na wewe, ining'inie mahali ambapo hakuna mtu atakayeihamisha ili achemshe maji.

Njoo. Chumba cha nyuma kinakungoja na kuta zake zilivyo. Kitanda chako nimekifuta vumbi, kile cha ukutani. Hicho ndicho chako siku hizi. Kifua chako ulisema kinajitahidi, uliandika mwenyewe na barua yako ninayo, basi dirisha hakilihitaji tena. Upande wa dirisha ni wangu, mdogo wangu, na hilo halina dalali.

Dada yako