Fomu Niliyoijaza Gurei

Dada Nekesa,

Nawasalimu wewe na mwanao Wafula kutoka kwenye joto la Juba. Jana chuo chetu cha afya kilitutuma Gurei, mtaa wa pembeni mwa mji, kutembelea nyumba. Mama mmoja alinipa kiti, mtoto wake amelala mapajani, amefunikwa leso. Nikaanza fomu kama tulivyofundishwa: mnachota maji wapi, choo mnacho, chandarua je. Akajibu yote kwa heshima, akidhani maswali ndiyo matibabu. Nilipomaliza ndipo nikamgusa mtoto. Alikuwa anachemka kwa homa. Alifia kwenye bodaboda tukielekea hospitali.

Mama yake ndiye aliyenifuta machozi. “Usilie, daktari. Wewe bado iko nasoma.”

Nibusie Wafula. Akilala mchana, mguse paji la uso kwanza, mengine utauliza baadaye.

Ndugu yako,
Simiyu