Kisanduku cha "Sina Hakika"

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Banksia,
Wirrabeen, New South Wales.
9 Machi

Mpendwa Shangazi Noreen,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti linaendeleaje, na baridi ya huko Aberdeen imepungua? Sisi ni wazima, ila mimi nimejaa hasira, na nisipokuandikia nitapasuka.

Kazi yangu unaijua: kuwaongoza watu wa kujitolea wanaohesabu kasuku weusi. Miaka sita wamezunguka juani na mvuani chini ya mivinje, ambayo mbegu zake ndizo chakula cha ndege hao, wakijaza fomu kila wawaonapo. Mwaka jana mwenye kambi ya watalii akaomba kuikata mivinje ya kilimani. Halmashauri ikataka ushahidi kwamba ndege wanaitegemea, nami nikapeleka fomu zote kifua mbele.

Mtaalamu aliyelipwa na huyohuyo mwenye kambi akafuta fomu mia moja na tisini kwa mkupuo! Zote za Thelma Pruitt, dereva mstaafu wa basi la shule, ambaye dirisha lake linatazamana na miti ile. Katika kila fomu alitia alama kwenye kisanduku cha "sina hakika".

Nikamwendea mbio. "Thelma, ndege uliwaona au hukuwaona?"

"Si walinidondoshea maganda ya mbegu kichwani!"

"Sasa hiyo 'sina hakika' ya nini?"

"Mwanangu, mimi sijasoma chuo. Watu wangesema, mwone naye, kajifanya profesa."

Shangazi, kisanduku kile nilikichora mimi, eti tuonekane waangalifu. Najilaumu mno. Lakini yule mtaalamu alikuja mara moja tu, tena hata garini hakushuka! Mbona yeye hakuulizwa kama ana hakika?

Kwenye kikao cha halmashauri mwenyekiti aliuliza nani amewaona ndege kwa hakika. Thelma akanyanyua mkono hadi begani, akawatazama majirani zake, akaushusha. Nilitamani kumnyanyulia mwenyewe. Madiwani wakapiga kura kuruhusu ukataji, na Jumatatu misumeno ikaingia.

Jana Thelma kaniletea fomu mpya. Ndege: hakuna. Na chini yake, kwa mara ya kwanza, ametia alama kwenye "nina hakika".

Nisalimie Isla na wanawe, na Fergus asiyependa barua ndefu. Mungu akulinde na akupe miguu ya kuja kwetu Krismasi.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, hata nikiwa na hasira,
Rowena