Ng'ombe Waliozidi Uwezo wa Korti

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mahindi tuliyopanda baada ya mazishi yamefika kiunoni, na ng'ombe wako bado wako kwa Kiprono.

Bwana wa shamba ulikokuwa ukichunga alipowaamuru wachungaji wake wapunguze mifugo yao, uliwapeleka wako kwa Kiprono kule Kuresoi kwa sababu mlitahiriwa pamoja. Hukutaka hata shahidi. Ulisema mtu wa rika lako hawezi kukudhulumu. Ulipowafuata, akakuambia wamekonda, wamekula majani yake miaka yote, na hakudai wala humdai.

Tukaenda korti ya wazee. Karani alisema korti hiyo ndogo haisikilizi dai likizidi kiwango cha serikali. Likizidi, liende Nakuru. Akauliza ng'ombe ni wa bei gani. Kabla hujafungua mdomo, Kiprono akasimama na kuanza kuwasifu. Yule yule aliyesema wamekonda! Akasifu mgongo wa yule ng'ombe mwekundu, maziwa yake, ndama wake. Nilikuvuta koti, Baba. Wewe ulikuwa unatabasamu. Ukasema, "Huyo kwa kweli hana bei." Karani akasema basi, kesi imewashinda.

Mzee mmoja alikuhurumia, akakunong'oneza useme ni wabovu tu ili wakusikilize. Ukamjibu, "Ng'ombe aliyenilelea watoto nimtukane mbele za watu?"

Nakuru wakakuzungusha. Leo lete wakili, kesho lete ada, kesho kutwa hakimu hayupo. Ulikaa kwenye ile veranda ya baridi mpaka kifua kikakushika. Nani aliamua kwamba maskini akidhulumiwa kidogo asikilizwe karibu na kwake, lakini akidhulumiwa sana aende mbali akalie huko? Ningependa kumwona uso mtu huyo.

Baada ya kukuzika nilirudi korti ya wazee pamoja na Baba Mdogo. Walipouliza bei, nikawatukana ng'ombe wako mmoja mmoja. Nilisema wamezeeka. Nilisema yule mwekundu anachechemea na ni tasa. Kiprono akainuka kuwasifu tena, wakamwambia anyamaze, mwenye dai ndiye anayetaja bei.

Tukashinda, Baba. Unajua walihukumu nini? Kiprono arudishe ng'ombe, au alipe bei niliyoitaja mimi. Alicheka pale pale. Siku iliyofuata alileta pesa, akamwekea Mama mapajani, akaomba na chai. Mama hakumpa hata maji. Pesa zimefungwa kwenye leso yake na hakuna aliyezigusa.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nilikukasirikia na wewe, kwa lile tabasamu lako. Halafu nakukumbuka ukimkamua mwekundu asubuhi, ukimsemesha kwa upole ambao sisi watoto hatukuupata kila siku, na hasira yote inamrudia Kiprono.

Nimeshaamua. Kesho, mchana kweupe, Baba Mdogo na mimi tunakwenda Kuresoi na kamba. Pesa zake nitaziweka mlangoni pake, watu wakiona. Akitaka aende kortini kudai. Itabidi ataje bei. Akisema ni ng'ombe wa maana, wazee watamwambia kesi imewashinda, aende Nakuru akakae kwenye veranda. Akisema ni wabovu kama nilivyosema mimi, basi bei yao ameshaipata.

Mama anaogopa. Mimi pia naogopa kidogo, ila hasira ni nyingi zaidi.

Pumzika sasa, Baba. Nakuahidi kesho yule mwekundu atalala kwetu, na nitakapomkamua sitamwambia nilichosema juu yake.

Binti yako,
Chebet